Kilishio cha mahindi kwa kulungu wa Texas: kitupe saa ngapi, kiasi gani, na dungu likae upande upi?

MgeniWaMason aliuliza:

Wakuu, habari zenu. Tuko watu wanne, tumekodi haki ya kuwinda kwenye shamba la ekari 200 katika kaunti ya Mason, Texas. Tunalenga kulungu wa mkia mweupe msimu wa bunduki ukifunguliwa Novemba. Mwenye shamba ameruhusu kuwalisha mahindi. Kilishio ni pipa la galoni 55 (lita 208) lililosimama juu ya miguu mitatu. Chini yake pana mota ya volti 6 na sahani ya kurushia, taima ya kidijitali na paneli ndogo ya sola.

Tumekiweka katikati ya uwanja, mbali na vichaka, ili tuone vizuri. Dungu, yaani kibanda tunachojifichia, liko kaskazini ya kilishio, umbali wa mita 90 hivi. Taima imebaki kama ilivyotoka dukani: saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, sekunde 20 kila mara. Sasa ni katikati ya Oktoba na hali iko hivi: pipa zima limekwisha ndani ya wiki mbili, kamera inaonyesha kulungu saa nane usiku na mchana hakuna hata mmoja, na nguruwe-mwitu wanafagia kila kitu kabla hakujapambazuka.

Tunakosea wapi? Tuongeze mahindi? Tuhamishe kilishio? Naomba majibu ya vipimo, maana ushauri wa jumla tumeupata mwingi.

---

MwaloniMkavu alijibu:

Msiongeze mahindi, punguzeni. Nianze na saa, kwa sababu hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko yote.

Katikati ya Oktoba jua la Mason linachomoza karibu saa 1:40 asubuhi kwa saa ya majira ya joto inayotumika sasa. Kilishio chenu kinatupa saa 12 kamili, yaani saa moja na dakika 40 kabla ya jua. Ni giza totoro. Mahindi yanaanguka wakati nguruwe na rakuni (wale wanyama wadogo wa usiku wenye mikono mepesi) bado wako kazini, na kulungu akifika kumepambazuka anakuta udongo mtupu. Mmewafundisha wanyama kwamba chakula cha hapo ni cha usiku.

Kulungu hufuata mwanga. Tupeni dakika 15 hadi 30 baada ya jua kuchomoza, na tena kama saa moja na robo kabla ya kuzama. Sheria ya Texas inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, kwa hiyo mtupo wa asubuhi unaangukia ndani ya muda halali, na mnakuwa mmeshapata mwanga wa kutosha kutofautisha dume na jike.

Kisha kuna mtego wa kubadilisha saa. Msimu wa bunduki hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, na saa za Marekani hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Karibu kila mwaka hiyo ni siku ya pili ya msimu. Taima haijui lolote, na kulungu hajui lolote. Mtu akirudisha saa ya taima bila kugusa ratiba, mtupo unachelewa saa nzima kwa hesabu ya jua, katika wikendi yenye watu wengi kuliko zote. Dawa yake ni kuweka saa ya taima kwenye saa ya majira ya baridi tangu mnapoanza kulisha, Septemba au sasa hivi, kisha msiiguse. Andikeni kwa kalamu ya rangi ndani ya kifuniko: "saa ya baridi". Kwa saa hiyo, mwanzoni mwa Novemba jua la Mason linachomoza kama saa 12:50 asubuhi na kuzama kama saa 11:50 jioni. Ratiba inakuwa saa 1:10 asubuhi na saa 10:35 jioni, ambazo kwenye taima mtaziingiza 7:10 na 4:35, na hiyo ya pili muhakikishe inaonyesha alama ya mchana, PM. Watu wetu hukosea hapo mara nyingi, kwa sababu kichwa kinahesabu saa za Kiswahili na kidole kinabonyeza saa za Kizungu.

Kati ya Septemba mosi na Novemba mosi macheo husogea mbele kama dakika 40, na machweo hurudi nyuma zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo, anayelisha tangu Septemba asogeze ratiba kidogo kila wiki mbili, akiukagua zaidi mtupo wa jioni.

Kiasi. Galoni 55 za mahindi ni takriban pauni 330, yaani kilo 150. Zikiisha ndani ya siku 14 mnatupa zaidi ya pauni 23 kwa siku. Hicho ni chakula cha nguruwe. Kwa kulungu kumi hadi kumi na tano, pauni 3 hadi 4 kwa mtupo mmoja zinatosha, pauni 6 hadi 8 kwa siku. Shabaha ni punje kiasi cha kuwafanya watafute kwa nusu saa au zaidi, kisha ziishe kabla ya giza. Kulungu anayetafuta punje moja moja anasimama, anageuka, anatoa ubavu, nawe unapata muda wa kumtazama umri na pembe. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida halisi ya kilishio: kinampa mwindaji nafasi ya kuchagua na kupiga risasi moja safi kwa mnyama aliyetulia. Penye lundo la mahindi nafasi hiyo haipo.

Mahali. Katikati ya uwanja si pazuri. Kulungu mzima, hasa dume, hapendi kuvuka mita 100 za wazi mchana. Kisogezeni mpaka mita 10 hadi 15 kutoka ukingo wa vichaka, kwenye njia inayotoka wanakolala kwenda kwenye maji. Fyekeni nyasi mduara wa mita 12 hivi, kwa sababu punje zikizama kwenye majani marefu huoza au huota. Pasiwe karibu na uzio wa jirani.

Upepo na jua ni jambo gumu zaidi, na hakuna jibu moja. Huko kwenu, siku za joto upepo hutoka kusini au kusini-mashariki. Ubaridi ukiingia kutoka bara, hugeuka ghafla na kutoka kaskazini, na hizo ndizo siku ambazo kulungu hutembea sana mchana. Dungu lenu la kaskazini linafaa siku za upepo wa kusini tu. Ubaridi ukifika, harufu yenu inakwenda moja kwa moja kwenye kilishio, siku ile ile mliyoisubiri.

Mkiliweka dungu mashariki au magharibi ya kilishio, pepo zote mbili zinapita kwa ubavu. Lakini dungu la magharibi linatazama mashariki, na asubuhi jua linaingia ndani ya darubini ya bunduki. La mashariki linasumbuliwa jioni. Ningechagua upande kwa kuangalia wakati mtakaowinda zaidi: mnaoweza kufika jioni tu baada ya kazi, dungu likae magharibi, wa asubuhi, mashariki. Na siku upepo ukiwa mbaya, msikalie dungu hilo. Kilishio kitaendelea kutupa bila nyinyi.

Umbali wa mita 90 ni sawa kwa raifo. Kwa upinde ni mita 18 hadi 20, na hapo dungu linatakiwa liwe limekaa wiki kadhaa kabla ya msimu ili wanyama walizoee.

---

FundiMota alijibu:

Mzee Mwaloni kamaliza habari ya saa. Mimi nizungumzie chombo chenyewe, kwa sababu ratiba nzuri haisaidii kama mota haizunguki.

Kwanza pimeni, msikisie. Vilishio viwili vinavyofanana hutoa viwango tofauti, kwa sababu ya nafasi iliyopo kati ya mdomo wa faneli na sahani. Fanyeni hivi: jazeni pipa angalau robo, funikeni sahani kwa mfuko mpana au ndoo iliyokatwa ili punje zote zinaswe, bonyezeni kitufe cha majaribio kwa sekunde 10, kisha pimeni kwa mizani. Mkipata pauni 5, hiyo ni nusu pauni kwa sekunde, na pauni 3 ni sekunde 6. Rudieni mara tatu mchukue wastani. Msipime kwa sekunde mbili, kwa sababu mota huchukua muda kushika kasi na hesabu inapotoka.

Nafasi kati ya faneli na sahani, kwa mahindi mazima, ianzie nusu inchi hadi robo tatu. Ikiwa ndogo mno, punje hukwama na mota inaunguruma bila kurusha. Ikiwa kubwa mno, mahindi hudondoka yenyewe hata mota ikiwa imelala. Hata mtikisiko wa upepo unatosha kuyamwaga. Sahani iwe futi 6 hadi 7 juu ya ardhi. Chini ya hapo kulungu na rakuni wataizungusha kwa mdomo au mkono. Rakuni anajifunza upesi sana, hivyo kizimba cha waya kinachozunguka sahani na mota si cha hiari. Matundu yake yapitishe punje lakini mkono wa rakuni usiifikie sahani.

Betri. Ya volti 6 ikiwa imejaa inaonyesha 6.3 au 6.4. Ikishuka chini ya 6.0, itoeni mkaichaji. Pimeni wakati mota inazunguka pia. Betri iliyochoka huonyesha namba nzuri ikiwa imepumzika, halafu huanguka mzigo ukija. Dalili inaonekana ardhini: mduara wa mahindi unazidi kuwa mdogo kila wiki, mpaka siku moja yote yanalundikana chini ya miguu ya kilishio. Mkiona hivyo msiongeze sekunde, badilisheni betri. Baada ya misimu miwili au mitatu ya joto la Texas, betri nyingi za aina hii zimekwisha hata kama sola iko.

Paneli ya sola ielekee kusini na iinamishwe. Nyumbani kwetu karibu na ikweta watu huilaza juu ya bati na inafanya kazi, lakini Mason iko karibu nyuzi 31 kaskazini, na Novemba jua linapita chini upande wa kusini. Paneli iliyolala au iliyo chini ya mwaloni haitachaji. Kabla ya kuunganisha, hakikisheni chanya na hasi. Waya za sola zikigeuzwa zinaweza kuunguza taima, na waya za mota zikigeuzwa sahani itazunguka kinyume.

Mambo mengine yanayoharibu, kwa uzoefu wa karakana: sisimizi wa moto huingia kwenye boksi la taima na kukaa juu ya saketi, wanafanya shoti. Nyigu wanajenga humo humo. Zibeni kila tundu la waya kwa silikoni. Panya hutafuna waya, pitisheni kwenye bomba dogo la chuma. Mahindi yenye vumbi na vipande vya magunzi hujenga donge kwenye koo la faneli, nunueni yaliyochekechwa. Kifuniko kisichobana huingiza mvua, mahindi ya juu yanaota na ya chini yanaganda kama saruji. Likiganda msipige pipa kwa nyundo, mtapinda faneli. Shusheni yote, sugueni, kausheni juani, pakeni mafuta ya kupikia kidogo kwenye faneli.

Miguu ifungwe ardhini kwa nondo za urefu wa futi mbili zilizopigiliwa chini. Ng'ombe mmoja akijikuna anaangusha pipa la kilo 150.

---

MgeniWaMason aliandika:

Mzee Mwaloni, shikamoo, na Fundi asante sana. Leo tumepima: pauni 5 na nusu kwa sekunde 10, ndiyo maana tulikuwa tunamaliza pipa. Tumeweka sekunde 6. Bado maswali mawili. Nguruwe-mwitu tuwazuie vipi bila kuwazuia kulungu? Na mahindi ya "deer corn" yanayouzwa kituo cha mafuta, yanafaa au ni takataka?

---

BahatiWaAbilene alijibu:

Nguruwe ni wa kuzungushia uzio tu, ndugu. Hakuna saa wala kiasi kitakachowafukuza wakishajua mahali.

Tumia vipande vya wavu mgumu wa chuma uliochomelewa, vile vya futi 16 kwa urefu na inchi 34 kwa kimo. Kulungu mzima anaruka inchi 34 bila kufikiri, nguruwe kwa kawaida haruki. Watu wengi hununua vipande vinne au sita na hapo wanaharibu. Kulungu hataki kuruka ndani ya kizimba kidogo asichoona pa kutokea, na mahindi yanayorushwa yanapita juu ya uzio na kuwalisha nguruwe waliosimama nje. Vipande 8 vinatoa duara la kipenyo cha futi 40 hivi, na hicho ndicho kiwango cha chini. Vipande 10 vinatoa futi 50, na hapo kulungu wanatulia zaidi. Kilishio kikae katikati kabisa.

Nguzo ziwe za chuma, moja kwenye kila kiungo na moja katikati ya kila kipande, kwa hiyo vipande 10 ni nguzo 20. Wavu ufungwe upande wa NJE wa nguzo. Nguruwe anasukuma kutoka nje, na ukiufunga ndani anasukuma dhidi ya vifungo vya waya mpaka vikatike. Ukiwa nje anasukuma dhidi ya nguzo. Matundu madogo ya wavu yaelekee chini. Ardhi ikiwa na bonde dogo chini ya wavu, jaza mawe, kwa sababu pua ya nguruwe ikipata upenyo imemaliza kazi.

Uzio una gharama yake: watoto wa kulungu wa mwaka huo hawaruki vizuri, hivyo jike mwenye mtoto mara nyingi atasita au atakula upesi na kutoka. Na usijenge wiki moja kabla ya msimu. Mkijenga sasa, acheni kipande kimoja wazi kwa siku kama kumi, kulungu wazoee kuingia, kisha fungeni. Wiki ya kwanza baada ya kufunga kamera itaonyesha wachache. Msibabaike.

Nguruwe wenyewe mnaruhusiwa kuwapiga. Tangu Septemba 2019 Texas haidai leseni ya kuwinda kwa nguruwe-mwitu kwenye ardhi binafsi, ilimradi mwenye ardhi amekubali.

Mahindi ya kituo cha mafuta: swali si kituo, swali ni mfuko. Soma maandishi. Tafuta mfuko uliochapishwa kwamba sumukuvu haizidi 20 ppb, yaani sehemu 20 kwa kila sehemu bilioni moja. Yapo mahindi yaliyokataliwa kwenye soko la mifugo yanayoishia kuuzwa kwa wawindaji. Mtu wa Makueni au Kitui hahitaji kuelezwa sumukuvu ni nini. Mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 walikufa Kenya kwa mahindi yaliyooza ghalani. Kiwango cha mahindi ya kuliwa na watu Afrika Mashariki ni 10. Kulungu anastahimili kuliko ndege, lakini chini ya kilishio hicho wanakula pia bata mzinga wa porini na kware, na hao ndio wanaokufa kwanza.

Hata mahindi safi yanaweza kuota kuvu ndani ya pipa lako. Septemba na Oktoba pipa la chuma linapata joto kali mchana na jasho usiku. Msijaze mpaka juu wakati wa joto. Wekeni ya wiki mbili au tatu, yaani mifuko miwili hadi mitatu ya pauni 50, na msimwage mapya juu ya yaliyoganda. Mkiona punje za kijani au nyeusi, au unga mwingi wa fukusi, toeni yote. Msiyamwage porini; yafukieni au yapelekeni dampo.

Na kilo nyingi ghafla kwa mnyama mcheuaji ni hatari. Mahindi ni wanga mtupu, protini yake ni kama asilimia 8 au 9 tu. Kulungu aliyezoea majani ya vichaka akijaziwa lundo la mahindi, hasa majira ya baridi kali ya majimbo ya kaskazini, tumbo lake la kwanza linageuka asidi na anaweza kufa akiwa ameshiba. Mahindi ni ya kuvuta wanyama, hayajengi mwili. Anayetaka kujenga pembe na maziwa ya majike anaweka vidonge vya chakula vyenye protini asilimia 16 hadi 20 kwenye kilishio cha aina nyingine, kuanzia mwisho wa baridi hadi kiangazi.

---

MamaSalima_Houston aliandika:

Naongeza upande wa sheria, maana jukwaa hili linasomwa na watu wa majimbo mengi na mtu anaweza kuiga Texas akiwa Iowa akaishia mahakamani.

Texas inaruhusu kuwinda kulungu kwa chambo kwenye ardhi binafsi. Kwenye ardhi za umma za kuwindia, chambo kwa kawaida ni marufuku. Minnesota na Iowa haziruhusu kabisa kuwinda kulungu juu ya chambo, hata shambani kwako. Michigan ilipiga marufuku katika rasi yake ya chini kuanzia 2019. Kentucky inaruhusu kwenye ardhi binafsi, lakini maeneo yenye ugonjwa huwekewa masharti yake. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo kila Agosti fungueni kijitabu cha kanuni cha jimbo lenu, na msitegemee nilichoandika hapa mwaka ukishapita.

Kwa wanne wenu: kila mmoja awe na leseni yake, na aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Leseni inakuja na vitambulisho vya kubandika kwenye mnyama. Kijazwe na kufungwa mara tu mnyama anapoanguka, kabla ya kumsogeza. Kaunti nyingi za Texas hazikubali dume mwenye pembe nyembamba: upana wa ndani usipungue inchi 13, isipokuwa awe na angalau pembe moja isiyogawanyika. Angalieni ukurasa wa kaunti yenu.

Kuhusu bunduki na uhamiaji, hili wengi hawalijui. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu mwenye viza ya muda, mfano mwanafunzi, kushika bunduki, isipokuwa awe na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa hapa Marekani au aingie kwenye misamaha mingine michache. Kwa hiyo kwake yeye leseni inatangulia hata kuishika bunduki ya rafiki. Wenye makazi ya kudumu na waliopokelewa kama wakimbizi hawamo kwenye katazo hilo. Asiye na hadhi halali ya ukaazi amekatazwa kabisa. Mwenye shaka amwone wakili kabla ya kwenda porini.

Njiwa: msimu wa njiwa Texas huanza Septemba, na njiwa ni ndege wahamaji chini ya sheria ya shirikisho. Mahali palipomwagwa mahindi panahesabiwa ni penye chambo mpaka siku 10 zipite tangu chambo chote kiondolewe. Msipige njiwa karibu na kilishio cha kulungu, hata kama hamkukiweka kwa ajili yao.

Na ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, CWD. Husababishwa na prioni, protini zilizojikunja vibaya, si bakteria wala virusi. Ulionekana kwanza Colorado mwaka 1967, na Texas ukagunduliwa 2012. Hauna dawa wala chanjo, na prioni hukaa kwenye udongo miaka mingi. Mate ni mojawapo ya njia zake, ndiyo maana wataalamu wa wanyamapori wanaogopa lundo moja linalolambwa na pua ishirini. Kilishio kinachorusha na kutawanya ni afadhali kuliko lundo au kihori, ingawa hakiondoi hatari. Mkiona mnyama aliyekonda sana, anayedondosha mate, asiyeogopa watu, msimpige mkamla. Pigeni simu idara ya wanyamapori. Nyama ya mnyama aliyepimwa na kukutwa nao, mamlaka za afya zinashauri isiliwe. Mifupa na kichwa msivisafirishe ovyo kwenda kaunti nyingine.

Kwa wanaosoma kutoka nyumbani: Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na Tanzania huwezi kuwinda bila leseni ya wanyamapori. Mafundisho haya ni ya hapa.

---

MwaloniMkavu alijibu:

Dada Salima, asante kwa hilo la viza, nimelisubiri mtu aliandike.

Mgeni, kitu kimoja ambacho hamkuuliza lakini kitawapata ndani ya wiki chache. Mason ina mialoni mingi. Mbegu za mwaloni zikianza kuanguka Oktoba na Novemba, kulungu watakiacha kilishio chenu hata kikiwa sahihi kwa kila kipimo. Mahindi hayashindani na mbegu za mwaloni. Mtaona kamera tupu na kuna mtu atasema kilishio kimeharibika au jirani kawaiba wanyama. Kabla ya kugusa taima, tembeeni chini ya mialoni. Mkikuta maganda yaliyovunjwa na kinyesi kipya, mmepata jibu, na siku hizo mketi kwenye mialoni. Kilishio kiachwe kikitupa kiasi kile kile kwa saa zile zile, kwa sababu mbegu zikiisha watarudi, na watarudi mahali ambapo chakula hakikukatika. Pipa likikauka kwa wiki moja, mazoea yanavunjika.

La pili ni madume wakubwa. Eneo lenu majike hupandwa zaidi mwanzoni hadi katikati ya Novemba. Wakati huo dume mzee haji kula. Anazunguka mita 50 hadi 100 kutoka kilishio, upande unaopokea upepo unaotoka hapo, anawanusa majike bila kujionyesha. Kwa hiyo msikodolee mduara wa mahindi peke yake. Tazameni ukingo wa vichaka upande ule, na wekeni kamera ya pili huko, ielekee njia na si kilishio.

La tatu, pumzisheni dungu. Watu wanne wakilikalia kila siku kwa zamu, majike wazee watakuwa wanalitazama dirisha kabla ya kushusha kichwa, na baada ya hapo mnarudi kwenye picha za saa nane usiku. Mara mbili kwa wiki kwa dungu moja inatosha. Mkitaka zaidi, wekeni kilishio cha pili upande mwingine wa shamba. Mwingie kwa njia isiyokatiza wanapolala. Asubuhi mfike dakika 40 kabla ya mwanga. Jioni, kama bado kuna wanyama kwenye mahindi giza likiingia, msishuke mbele yao. Mwambieni mmoja alete gari taratibu mpaka kwenye kilishio. Gari wanalijua, ndilo linaloleta mahindi, na wataondoka bila kuhusisha dungu na watu.

Kujaza pipa pia kufanywe saa sita hadi saa nane mchana, siku ile ile ya wiki, gari lile lile. Na pipa lijazwe kwa kulishusha kwa winchi au kwa ngazi imara inayoshikiliwa na mtu wa pili. Mfuko wa kilo 23 begani juu ya ngazi ya kuegemeza, kwenye mawe ya Mason, ni ajali ya kawaida.

---

MgeniWaMason aliandika:

Nimeelewa. Jumamosi tunahamisha kilishio kwenye ukingo wa magharibi wa uwanja, dungu linakwenda mashariki yake kwa sababu sisi ni watu wa asubuhi. Vipande 10 vya wavu vimeagizwa, nguzo 20. Mzee Mwaloni, hiyo kamera ya pili iwe kimo gani?

---

MwaloniMkavu alijibu:

Kimo cha kiuno, kama futi 3, na ielekee kaskazini ili jua lisiipige usoni asubuhi wala jioni. Kateni kila tawi lililo mbele yake ndani ya mita 5, vinginevyo mtapata picha elfu za majani yanayotikiswa na upepo.